Neno "Sorry" na Lile la Pili



Nilipoombwa nije kuzungumza juu ya tafsiri niliona bahari mbele yangu, nikaamua kuchota kata moja tu. Kata hiyo ni neno moja la Kiingereza, fupi, ambalo mtoto wa chekechea analijua na kondakta wa daladala hulitamka kutwa nzima akipenya katikati ya abiria: "sorry", au "sori" kama tulivyokwisha kulifanya letu. Nimefanya kazi ya ukalimani tangu ujana wangu. Nimekutana na maneno ya kisheria, ya kiuhandisi, ya kitabibu, na nikatafuta msaada nikaupata. Lakini neno lililonitoa jasho kuliko yote ni hili ambalo kila mtu anaamini analifahamu.

Nianze na siku liliponiaibisha.

Nilikuwa mkalimani wa kampuni moja ya kigeni iliyokuwa ikijenga barabara. Jioni moja lori la kokoto liliparamia ng'ombe wa mzee mmoja wakirudi kutoka mtoni. Watatu walikufa palepale, wa nne ikabidi achinjwe. Kesho yake kijiji kikaitisha kikao chini ya mwembe, na meneja wa kampuni, Mwingereza wa makamo, akaja mwenyewe. Hakutuma mtu. Alisimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ya mtu aliyeguswa kweli kwamba kampuni ilikuwa "very sorry" kwa yaliyompata mzee. Nami bila kusita nikatafsiri: kampuni inaomba radhi.

Wazee walitazamana. Mwenyekiti wa kijiji akaniuliza, "Ameomba radhi?" Nikajibu ndiyo. Minong'ono ikapita, ya watu walioridhika. Kisha mzee mmoja wa baraza akasema, "Mtu akiomba radhi amelikubali kosa. Basi tuhame hapo, tuzungumze ng'ombe."

Nilipomfasiria meneja maneno hayo, uso ulimbadilika. Akaniambia kwa haraka niwaeleze kwamba hakusema kosa ni la kampuni. Shauri la dereva lilikuwa polisi, na hakuna aliyejua kama ng'ombe walikuwa barabarani au pembeni. Yeye alichosema ni "sorry" tu.

Ikanibidi nisimame tena, safari hii kwa niaba yangu mwenyewe. Nikasema, "Wazee wangu, nisameheni, aliyekosea ni mimi. Mgeni hakuomba radhi. Amewapa pole." Kimya kikaanguka. Mwenye ng'ombe, ambaye tangu kikao kianze hakuwa amefungua kinywa, akainua mkongojo kidogo na kusema, "Pole tumeipokea. Mwambie ahsante. Sasa tunalisubiri lile la pili."

Lile la pili. Nimetembea na maneno hayo maisha yangu yote ya kazi, na yote nitakayoyasema leo yametoka humo.

Kabla ya kumlaumu meneja yule, tulitazame neno lake lilikotoka. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066, kilikuwa na neno "sar", maana yake maumivu ya mwili au ya moyo. Ndilo lililozaa "sore" ya leo, wanayoitumia kwa koo linalouma na mguu uliochubuka. Mwenye maumivu akaitwa "sarig", na huyo ndiye babu wa "sorry". Waholanzi mpaka leo wanalo "zeer" kwa maana ya maumivu, na nduguye wa Kijerumani, "sehr", ametumika mno hadi maumivu yakamtoka akabaki na maana ya "sana" tu, kama sisi tunavyosema chakula kitamu balaa na hakuna tena anayeliogopa hilo balaa.

Watu wengi, Waingereza wenyewe wakiwemo, hudhani "sorry" ni mtoto wa "sorrow", huzuni. Sivyo. "Sorrow" ina ukoo wake mwingine, ule uliowapa Wajerumani "Sorge", yaani wasiwasi na hangaiko. Ni maneno mawili yaliyokaa jirani kwa karne nyingi hata yakafanana sura, na ile "o" ya "sorry" imeingia kwa kuvutwa na jirani huyo.

Nasisitiza asili hii kwa sababu moja: ndani ya neno hili, lilipozaliwa, hamna kosa. Hamna deni wala anayedai. Kuna mtu anayeumwa, basi. Na sarufi yake imebaki hivyo. Mwingereza anaposema "I am sorry" anaeleza hali yake mwenyewe, kama anavyosema ana njaa au amechoka. Sentensi nzima inamhusu yeye. Anayesikia anaweza kujibu au kunyamaza, na sentensi imekamilika bila yeye.

Sasa tazameni letu. "Pole" hutolewa. Tunampa mtu pole, tunampelekea pole, tunakwenda nyumba ya msiba kutoa pole, na mwenye kupewa huipokea: "ahsante" au "nimeshapoa". Jibu hilo la pili linaonyesha jinsi tunavyolisikia neno, kwamba ni kitu cha kupoza, kama maji kwenye mkono ulioungua. "Samahani" nayo huenda upande mwingine kabisa. Imetoka kwa Waarabu, na ile "-ni" ya mwisho ni ya kwao, maana yake "mimi": nisamehe. Kwa kuwa tumesahau hivyo, tunaongeza "-ni" yetu ya wingi na kusema "samahanini" tukiwa mbele ya wengi, na hakuna ubaya. La muhimu ni kwamba anayesema samahani anaomba. "Kunradhi" vilevile: inamsihi mtu awe radhi. Anayeomba amejiweka chini, na aliyeombwa ana uwezo wa kukataa. Mnajua wenyewe watu walioombwa radhi wakakataa, wakaletewa wazee, wakakataa tena, hadi siku ya Idi au ya kufunga harusi ya mtoto ndipo wakalegea.

Kwa hiyo Kiingereza kinasema hali yangu, pole inakupa wewe, na samahani inakuomba wewe. Hii ndiyo njia panda niliyopotelea chini ya mwembe. Meneja alisema habari ya moyo wake, mimi nikaigeuza ombi, na ombi huleta deni.

Kiingereza chenyewe hakikuridhika kuliacha neno hili na kazi mbili. Mwenye duka akiwa amefunga hubandika "sorry" mlangoni, na hapo maana yake ni kwamba hupati kitu leo. Usiposikia alichosema mwenzako kwenye simu, "sorry" yenye kupanda sauti mwishoni inafanya kazi ya "eti?" au "unasemaje?", na kwa heshima zaidi "naam?" au "abee?". Anayetaka kukupinga kikaoni huitanguliza kama anayebisha hodi kabla ya kuingia na fujo. Anayekuonya kwamba utakuja kuwa "sorry" anakuambia utajuta. Ukimwonea mtu huruma, wao husema unajihisi "sorry" kwa ajili yake. Na nyumba iliyochakaa, iliyopasuka kuta na kuezekwa kwa viraka, iko katika hali ya "sorry", yaani duni, ya kusikitisha. Maana hii ya mwisho ni ya zamani sana. Shakespeare katika Macbeth aliliweka neno hilo kinywani mwa muuaji anayeitazama mikono yake yenye damu, na wasomaji wa leo hushtuka wakidhani mtu yule anaomba msamaha, kumbe anasema tu kwamba anachokiona kinatia unyonge.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba neno lenye maana nyingi ni neno maskini, limekosa la kusaidiwa nalo. Sikubaliani naye. Sisi tuna "piga", tunapiga simu, picha, pasi, deki, magoti, mbizi, na hatuoni umaskini. Shida ya "sorry" si wingi wa maana. Shida ni kwamba maana zake mbili kubwa, ya huruma na ya kukiri kosa, zinatamkwa kwa sauti ileile, uso uleule, pahali palepale, na msemaji ana uhuru wa kuchagua baadaye alikuwa anamaanisha ipi. Ukipiga simu hakuna atakayedhani umepiga pasi.

Waingereza wenyewe wanalimwaga neno hili kama maji. Mwanaanthropolojia wao, Kate Fox, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004 juu ya tabia za Waingereza, anasimulia jinsi alivyokuwa akijigonga makusudi kwa watu mitaani na stesheni, na wengi wao, waliogongwa, ndio waliosema "sorry". Wageni huona unafiki hapo. Mimi naona mtu anayelinda amani ya njia nyembamba, kama sisi tunavyosema "hodi" hata mlango ukiwa wazi. Lakini neno linalomwagwa hivyo kila dakika, siku likihitajika kubeba mzigo wa kweli, linakuwa limechoka.

Nasi huku tumelipokea, tukalifanyia jambo ambalo nalipenda. Mtu akijikwaa mbele yetu tunasema "sori!". Akipaliwa na chai, sori. Akipoteza simu, sori. Hatukumkwaza sisi wala hatukumwibia. Tumeichukua pole yetu tukaivika kanzu ya Kiingereza. Jamaa zetu wa Nigeria na Ghana nao wanasema hivyohivyo. Kijana akifika ng'ambo, mwenzake akidondosha vitabu naye akasema "sorry", huulizwa kwa mshangao kwani kosa ni lake. Nimesikia walimu wa lugha wakiwasahihisha wanafunzi wetu kwa hili, wakiwaambia hicho si Kiingereza. Naomba waache. Kijana yule bila kujua amelirudisha neno kwa babu yake, "sarig", anayeumwa. Umejikwaa wewe, nimeumia mimi. Kama ipo "sorry" iliyo karibu na shina lake kuliko zote duniani, huenda ni hii inayosemwa kwenye vituo vyetu vya mabasi.

Lakini tusijisifu kwamba tuna maneno mawili basi tumesalimika. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifuatilia jalada la mirathi ya marehemu kaka yangu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilikwenda mara ya kwanza, ya tatu, ya saba. Siku ya saba karani, kijana mpole kabisa, aliniambia jalada halionekani. Kisha akasema, "Pole sana mzee." Niliitikia ahsante, kwa mazoea. Nikiwa nje kwenye ngazi ndipo nilipohisi kitu kinanichoma. Jalada lilipotelea mikononi mwao, na aliyelipoteza ndiye anayenipa pole! Alinifariji kama mpita njia, kama kwamba jalada limechukuliwa na mafuriko. Kiswahili kilimpa maneno yote mawili, akachagua lisilomgharimu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza, na nawaomba nanyi msikilize, ni mara ngapi umeme ukikatika, maji yakikauka, matokeo yakicheleweshwa, tunapewa pole na yule aliyepaswa kutuomba radhi.

Wenye Kiingereza chao wamelazimika kulitungia sheria neno hili. Sababu inaeleweka: mahakamani, mtu akikiri, maneno yake hutumika dhidi yake. Hivyo mawakili na mashirika ya bima wakawafundisha madereva na madaktari kufunga midomo. Huko Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1970, binti wa seneta mmoja wa jimbo aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, akafa. Dereva hakuwahi kuwaambia wazazi wake "sorry", na baba alipouliza akaambiwa dereva aliogopa neno hilo lisije likawa ushahidi wa kosa. Mwaka 1986 jimbo hilo likapitisha sheria kwamba maneno ya huruma baada ya ajali hayatatumika kuthibitisha hatia. British Columbia ya Kanada ikaenda mbali zaidi mwaka 2006, ikalinda hata kuomba radhi kunakokiri kosa, na Ontario ikafuata mwaka 2009. Uingereza nayo, mwaka huohuo wa 2006, iliandika katika sheria yake ya fidia kwamba kuomba radhi peke yake hakumaanishi kukiri uzembe.

Nimezisoma sheria hizo mara nyingi, na naziona zina wema na hatari pamoja. Wema, kwa sababu daktari anaweza sasa kumshika mkono mama aliyefiwa na kumwambia neno la kibinadamu. Hatari, kwa sababu zile zilizokwenda mbali zimeifanya "radhi" iwe salama kama pole. Radhi isiyomweka anayeiomba mikononi mwa anayeombwa, kwetu sisi bado haijawa radhi. Mzee wa ng'ombe asingeipokea kwa jina hilo.

Sasa mtazame neno hili linapotoka kwa mtu na mtu likaingia kwa dola na dola.

Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya jeshi la majini la Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, akafa. Ndege ya Wamarekani, iliyoharibika vibaya, ikatua Hainan bila ruhusa, na watu wake 24 wakazuiliwa. China ikataka kuombwa radhi rasmi. Marekani ikasema haina kosa la kuombea radhi. Kwa siku kumi na moja, mataifa mawili makubwa yalipimana nguvu juu ya neno. Mwishowe balozi wa Marekani mjini Beijing, Joseph Prueher, akakabidhi barua iliyosema nchi yake ni "very sorry" kwa kifo cha rubani, na "very sorry" tena kwamba ndege iliingia anga ya China na kutua bila ruhusa ya maneno. China ikawatangazia wananchi wake barua hiyo kwa maneno ya Kichina yenye uzito wa kuomba radhi. Washington ikawatangazia wananchi wake kwamba radhi haikuombwa. Watu 24 wakarudi makwao. Kila upande ulipata barua iliyoitaka, na barua ilikuwa moja.

Wanadiplomasia husifu barua ile kuwa kazi ya ustadi, na kwa maisha ya watu 24 siwezi kuibeza. Lakini najiuliza juu ya mke wa yule rubani. Yeye alipewa lipi katika hayo mawili?

Australia ni kisa kingine, na kwangu ndicho kizito zaidi, kwa sababu huko waliodai neno hili walikuwa na maana yao wenyewe juu yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 serikali za huko zilichukua watoto wa wenyeji wa asili kutoka kwa mama zao na kuwapeleka kwenye makao na kwa familia za wazungu. Ripoti iliyofichua mambo hayo, iliyoitwa kwa jina lenye maana ya kuwarejesha nyumbani, iliwasilishwa bungeni tarehe 26 Mei 1997, na mwaka mmoja baadaye siku hiyo ikaanza kuadhimishwa kama Siku ya Sorry. Wananchi wa kawaida wakatia saini vitabu vya kuomba radhi. Waziri Mkuu John Howard akakataa kuomba radhi kwa niaba ya taifa. Alisema kizazi cha leo hakiwezi kubeba kosa la kizazi kilichopita, na mwaka 1999 akalipeleka bungeni azimio lililotaja masikitiko makubwa na ya dhati. Masikitiko, lakini neno lenyewe hapana.

Kwa wenyeji wa Australia, katika Kiingereza wanachokizungumza wao, "sorry business" ni matanga. Ni siku za maombolezo, watu wanaposafiri kutoka mbali kuja kukaa na wafiwa, shughuli nyingine zikasimama. Neno "sorry" kwao lina udongo wa kaburini. Kwa hiyo walipodai "sorry" kutoka kwa serikali walikuwa wakidai vyote viwili kwa pamoja: njooni mkae nasi matangani, na mkiri kwamba walioleta msiba ni ninyi. Howard alisikia la pili peke yake, lile lenye gharama, akalikwepa, na katika kulikwepa akalikosa na la kwanza. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu mpya, Kevin Rudd, alisimama bungeni akalitamka neno, akalirudia. Wazee waliochukuliwa wakiwa watoto walikuwa wameketi ndani ya ukumbi ule, na walilia.

Na sasa nirudi nyumbani, maana neno hili limetugusa pia.

Tarehe 6 Juni 2013, katika bunge la London, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alitambua kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, na akasema serikali yake inasikitika kwa dhati kwamba mateso hayo yalitokea. Alitangaza malipo ya pauni milioni 19.9, gharama zikiwemo, kwa wadai 5,228. Katika hotuba hiyohiyo akasema serikali inaendelea kukana kuwa inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala ule. Nilikuwa nimeishika kalamu siku hiyo, nikijaribu kuiweka hotuba kwa Kiswahili kwa ajili ya marafiki. Kitenzi alichokitumia si hata "sorry", ni "regret", neno linalokaa hatua moja nyuma yake na limevaa suti. Ukiliandika "tunajuta" umempa majuto ambayo hakuyasema. Ukiandika "tunaomba radhi" umerudia kosa langu la mwembeni. Niliandika "inasikitika". Ni neno la kweli, na nililiona dogo kama kipande cha sabuni kilichobaki.

Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alikuwa Nairobi, Ikulu, mezani kwa Rais. Alizungumza juu ya uovu wa zama zile kwa huzuni kubwa na masikitiko makubwa, akasema hauna kisingizio. Maneno yalikuwa mazito kuliko ya Hague, na siamini kwamba yalitoka mdomoni tu. Ombi halikuwemo. Mfalme alitupa habari ya moyo wake.

Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea. Ni siku moja tu baadaye, katika nchi jirani. Alikuwa kwenye makumbusho ya Maji Maji, mahali ambapo tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wetu kwa makumi. Alikutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, ambaye naye alinyongwa mwaka ule. Steinmeier alisema anaona aibu, kisha akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale. Aliomba. Kijerumani kina kitenzi cha kuomba kama chetu, naye alikitumia, na mkalimani wake siku hiyo hakuwa na njia panda.

Nilipolisikia nilimkumbuka mzee wa mwembeni. Miaka 117, na lile la pili likafika. Lakini ukoo wa Mbano walikuwa na neno lao pia. Fuvu la babu yao, wanaloamini lilipelekwa Ujerumani, wanalitaka lirudi lizikwe. Steinmeier akaahidi kwamba nchi yake itajitahidi kulitafuta. Kwetu mtu akikubaliwa radhi huulizwa anarudisha nini, na ukoo ule uliuliza kwa adabu, mbele ya wageni.

Juu ya kurudisha, Serikali yetu wenyewe ina somo ambalo wengi hawalitazami. Tembo akila shamba lako Tanzania, au simba akimuua ndugu yako, kuna kanuni za mwaka 2011 zinazoruhusu ulipwe. Malipo hayo hayaitwi fidia. Yanaitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au aliyefiwa. Mkulima hulalamika kwamba ni kidogo, na mara nyingi ana haki. Lakini tazameni jina lilivyo na uaminifu: Serikali inasema wazi kwamba hii ni pole, iliyowekwa katika noti, na haikukiri kosa la tembo. Fidia ingekuwa jambo jingine, ingedaiwa. Hatukuhitaji mwanasheria atutenganishie, Kiswahili kilikwisha kufanya hivyo. Zile pauni milioni 19.9, zilizotolewa na mkono uleule uliokana kuwajibika, magazeti yetu mengi yaliziita fidia. Mimi nikizipima kwa mizani ya lugha yetu naziona ni kifuta machozi, na nadhani wazee waliokwenda kuzipokea, wengine wakiwa na zaidi ya miaka themanini, walistahili kuambiwa jina lake sahihi kabla ya kutia saini.

Ninyi mnaojifunza ukalimani hapa, mtakutana na neno hili wiki yenu ya kwanza kazini. Mimi siku hizi sikisii. Msemaji akisema "sorry" mbele ya watu waliodhurika, nainama sikioni mwake namuuliza: unawapa pole au unawaomba radhi? Baadhi hukasirika, wakidhani nawatega. Wengi hunitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa mara ya kwanza. Na wapo waliofikiri kitambo, wakainua uso wakasema, waombe radhi. Kinachotokea baada ya hapo katika kikao ni tofauti kabisa, hata viti husogezwa karibu.

Yule meneja wangu sikumuuliza, maana sikuwa nimejua bado. Ng'ombe wa mzee walilipwa mwezi wa saba, fedha taslimu, kwa hati ya ukurasa mmoja iliyosema kwamba kampuni inalipa kwa hiari bila kukubali kosa lolote. Mimi ndiye niliyemsomea mzee hati hiyo kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na ile sentensi ya mwisho nikamrudia mara mbili. Akatia dole gumba, akazihesabu noti, akazifunga kwenye pindo la shuka. Nikamuuliza, kwa kuwa lilikuwa likinisumbua, kama sasa lile la pili limefika.

Akanitazama, akasema, "Fedha imefika."